Nasaba twaijua, maradhi ya ukoo twayaruka

Mwulize mzee wa Kibokoni au Kuze, hapa Mombasa, akutajie babu zake, atakupandisha vizazi saba bila kumeza mate. Atakwambia nani alitoka Lamu, nani aliingia na jahazi kutoka Hadhramaut, nani alioa Mvita na nani alizikwa Pemba. Posa ikija, wazee hawajibu siku ile. Hutumwa watu wa kuulizia: kijana ni wa nani, mamake ni binti wa nani, kwao kuna kifafa, kuna wazimu, kuna madeni? Katika mji wenye mazoea kama hayo, mtu angetaraji kwamba swali la daktari kuhusu maradhi ya ukoo ndilo jepesi kuliko yote. Kumbe ndilo linalotushinda.

Siku moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kliniki, namsubiri jamaa yangu, huku mlango wa chumba cha pili umeachwa wazi kwa ajili ya joto. Muuguzi kijana alikuwa akijaza faili la mama wa makamo aliyekuja kwa kutokwa na damu wakati hedhi yake ilikwisha kukatika zamani.

“Mama, kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua kansa?”

“La, mwanangu. Alhamdulillahi, hakuna.”

Kalamu ikaandika kwamba hakuna. Walipotoka nje, binti yule aliyemsindikiza mamake akamgeukia.

“Mama, na mjomba je? Si walimpeleka India?”

“Mjombako aliugua tumbo.”

“Na khalati?”

“Khalati yako alitolewa kizazi tu, ndipo akadhoofika. Haya, twende tukalipe.”

Wakaenda kulipa. Hakuna aliyesema uongo pale. Mama alijibu alichoulizwa, muuguzi aliandika alichoambiwa, na faili likabaki na neno moja ambalo daktari atakayelifungua wiki ijayo atalisoma kama habari. Si habari. Mbele ya mwenye kujua, ndugu wa kiume aliyeugua tumbo mpaka akapelekwa ng’ambo, na dada aliyetolewa kizazi kisha akadhoofika, ni jozi inayotosha kumfanya avute kiti, aketi na aanze kuuliza upya.

Niseme kwanza ni saratani gani ninayoizungumzia, maana hapa kwetu “kansa ya kizazi” hubeba magonjwa matatu au manne kwa pamoja. Hii ni saratani ya mji wa mimba, inayoanza katika utando wake wa ndani, ule unaojengeka na kubomoka kila mwezi. Siyo ile ya mlango wa kizazi, inayoletwa na virusi vya HPV, ambayo Kenya ilianza kuwachanja wasichana dhidi yake mwaka 2019 na ambayo kampeni nyingi zimeelekezwa kwake. Ile ya mlango ndiyo inayowaua wanawake wetu zaidi, na haki yake ya kupewa kipaumbele siipingi. Lakini mwanamke aliyepanguswa mlango wa kizazi mwaka jana akaambiwa yuko salama, hajaambiwa lolote la maana kuhusu mji wa mimba wenyewe. Kipimo kile hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Duniani wanawake zaidi ya 400,000 hugunduliwa na saratani hii kila mwaka. Ina jambo moja la kheri: hujitangaza mapema. Karibu wanawake 9 kati ya 10 walio nayo hutokwa na damu isiyo ya kawaida, na wengi wao ni wale ambao hedhi ilikwisha kukatika. Ikikutwa ingali ndani ya mji wa mimba, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baadaye. Tena si kila damu ni saratani. Katika wanawake 10 wanaotokwa na damu baada ya ukomo wa hedhi, kama mmoja hivi ndiye hukutwa nayo, na wengine huwa na sababu nyepesi zaidi. Ila huyo mmoja hajulikani mpaka akatwe kinyama kipelekwe maabara.

Mombasa damu ya namna hiyo haianzi kwa daktari. Huanza darsani. Mama wa miaka 58 akiona damu, swali la kwanza linalomkereketa ni la sala na saumu: hii ni hedhi au istihadha, damu isiyo ya mwezi? Humwendea ustadha wake, naye humjibu kwa elimu yake, jibu sahihi la ibada, na mama hurudi nyumbani moyo umetulia. Sina ugomvi na jibu hilo. Ninachotamani ni sentensi moja ya ziada kutoka kinywa kilekile: na kesho asubuhi uende hospitali. Ustadha wa mtaa anasikia habari za damu miezi mingi kabla ya daktari wa wanawake, na sijui kwa nini kampeni za afya humtafuta imamu wa msikiti zikamruka yeye.

Turudi kwenye ukoo. Wengi wa wanaopata saratani hii hawakuirithi. Mwanamke ambaye mamake au dadake aliugua saratani hiihii ana uwezekano unaokaribia maradufu ya mwenzake, na maradufu ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo. Lakini ndani ya kundi hilo kuna familia chache ambazo hesabu yake ni nyingine kabisa. Takriban wagonjwa 3 katika kila 100 huwa wamezaliwa na kile madaktari wanachokiita sindromu ya Lynch. Kila seli ya mwili inapojigawa hunakili maandishi yake ya urithi, na katika kunakili makosa hutokea. Kuna jeni ambazo kazi yake ni ya msahihishaji katika chumba cha gazeti, kusoma nakala na kufuta makosa kabla hayajachapwa. Nne kati yake ndizo zinazohusika hapa: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Mtu akizaliwa na nakala moja mbovu ya mojawapo, makosa huanza kupita, na viungo vinavyoumia zaidi ni utumbo mpana na mji wa mimba, kisha ovari, tumbo na njia ya mkojo.

Kwa mwanamke mwenye hitilafu katika tatu za kwanza, uwezekano wa kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya kufika miaka 75 ni baina ya theluthi na nusu. PMS2 ni pole zaidi. Mwanamke wa kawaida katika nchi zinazoongoza kwa ugonjwa huu ana uwezekano wa kama 3 kwa 100. Halafu wenye hitilafu huwajia mapema: mara nyingi wakiwa katika miaka ya arobaini au mwanzoni mwa hamsini, wakati wenzao huugua baada ya sitini. Na kila mtoto wa mwenye hitilafu, wa kiume au wa kike, ana nusu kwa nusu ya kuipokea.

Jambo hili halikugunduliwa kwa mitambo. Mwaka 1895, huko Ann Arbor katika jimbo la Michigan, Marekani, fundi cherehani mmoja alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba yeye anajua atakufa mapema, na anajua kwa nini: watu wa kwao wamekuwa wakifa kwa saratani za utumbo na za viungo vya uzazi. Hakuwa na kipimo chochote mkononi. Alikuwa na orodha ya maiti wa kwao, basi. Warthin alimsikiliza, akaanza kuifuatilia familia ile, na mwaka 1913 akachapisha alichokikuta. Fundi mwenyewe alikufa kijana, kwa saratani ya mji wa mimba, kama alivyosema. Katika miaka ya sitini Henry Lynch wa Omaha akaichukua kazi hiyo mbele, akabezwa kwa muda mrefu na wenzake walioshikilia kwamba saratani hairithiwi, mpaka jeni zenyewe zilipoanza kupatikana mwaka 1993.

Nimeieleza hadithi hiyo kwa sababu moja. Miaka mia moja kabla ya maabara kujua lolote, mshona nguo alikuwa anajua, kwa kuwa kwao watu walitajiana walichokufa nacho. Kisha tazama wataalamu walivyofanya. Mwaka 1990 walikutana Amsterdam wakaweka kanuni ya kuitambua familia yenye urithi huu: jamaa watatu wenye saratani ya utumbo mpana, vizazi viwili, angalau mmoja aliugua chini ya miaka 50. Mji wa mimba haukuwemo. Uliongezwa mwaka 1999. Ugonjwa uliomuua yule mwanamke aliyeanzisha habari yote ulisubiri karibu miaka tisini baada ya chapisho la Warthin ndipo uhesabiwe kuwa ushahidi. Basi nikisikia kwamba swali la ukoo kwa mgonjwa wa mji wa mimba ni la kujaza faili tu, sishangai. Desturi hiyo ina mizizi mirefu, na haikuanzia Mombasa.

Kwetu hapa, hata hivyo, kuna vizingiti vya kwetu wenyewe, na cha kwanza ni nasaba yenyewe tunayojivunia. Tunaihesabu kwa wanaume: fulani bin fulani bin fulani. Mwanamke akiolewa, wajukuu wake humtaja babu, na bibi huwa “mtu wa Malindi” au “wale watu wa Vanga”. Vizazi vitatu baadaye hana jina, sembuse ugonjwa. Jeni haina adabu hizo. Inaweza kutoka kwa bibi kwenda kwa mwanawe wa kiume, ambaye hana mji wa mimba wa kuugua na huenda asiugue chochote, kisha ikatokeza kwa binti yake akiwa na miaka 44. Binti huyo akiulizwa kliniki, atafikiria mamake na dada za mamake, kwa sababu ameshaamini kwamba maradhi ya kike huja kwa upande wa kike. Upande wa baba hauguswi. Na aliyeibeba hitilafu ni babake, mzee anayecheza bao pale barazani.

Kizingiti cha pili ni visu. Wanawake wa asili ya Kiafrika hupata uvimbe wa faibroidi kwa wingi na wakiwa vijana kuliko wengine, na wengi waliondolewa kizazi wakiwa na miaka arobaini na kitu. Mwanamke aliyetolewa kizazi akiwa na miaka 42 hawezi kuugua saratani ya mji wa mimba akiwa na 50. Katika ukoo atahesabiwa mzima. Ongeza dada aliyefariki kwa uzazi, kaka aliyekufa ajalini barabara ya Nairobi, ami aliyehamia Muscat akapotea katika habari: ukoo mkubwa kwa macho huwa mdogo kwa hesabu, na urithi unaweza kupita humo bila kuacha alama.

Tena maiti zetu huzikwa haraka, na ni sawa, ndivyo dini ilivyoelekeza. Ila pamoja na mwili huzikwa na jina la maradhi. “Aliugua tumbo.” “Alikuwa na presha.” “Alirogwa, lakini hayo tuyaache.” Utafiti wa nchi zilizopima jambo hili umeonyesha kwamba hata huko watu huitaja vizuri zaidi saratani ya titi ya jamaa zao kuliko ile ya viungo vya ndani ya nyonga. Titi huonekana na husemwa. Huko chini kuna haya.

Ukitaka historia ya kweli ya ukoo Mombasa, nenda matangani. Siyo upande wa wanaume, ambako wanazungumza siasa na bei ya nyumba. Upande wa wanawake, siku ya pili, baada ya khitma, wakati sinia la tende linazunguka na kahawa chungu imeshamiminwa. Hapo ndipo bibi mmoja aliyejikunyata pembeni atasema, bila kumlenga mtu, “Mamake naye si alianza hivihivi, damu, damu, kisha tumbo likajaa?” Na mwingine atamjibu, “Na yule wa Takaungu pia.” Katika sentensi mbili wametoa kile ambacho hospitali haikupata katika miezi minane ya kliniki. Kisha mtu atatia “tumwombeeni tu,” mazungumzo yatageuzwa, na bibi yule mwenyewe mwakani hatakuwepo.

Kwa nini tunageuza mazungumzo? Aibu ni jibu la haraka, lakini naona hofu kubwa zaidi ni ya posa. Familia ikijulikana kuwa “ina kansa”, mabinti watakaa. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Warthin yuleyule tuliyemsifu alikuwa mfuasi wa fikra za zama zake za kuchagua nani anafaa kuzaa na nani hafai, na alizitetea hadharani. Elimu ya urithi imewahi kutumiwa kama fimbo, na mwenye kuificha historia ya kwao anaikwepa fimbo hiyo. Ninachowaambia wazee wa posa ni kwamba wanaulizia kitu kisicho sahihi. Nusu ya watoto wa familia hiyo hawana hitilafu yoyote, na walio nayo, wakijua, wana uwezekano wa kuishi miaka mingi kuliko wasiojua.

Kuna mahali pamoja tu ambapo posa na Lynch hukutana kwa uzito, na ni ndoa za binamu. Ikiwa wote wawili wamebeba hitilafu ileile kutoka kwa bibi mmoja, kila mimba yao ina robo ya uwezekano wa mtoto kupokea nakala mbovu pande zote mbili. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupata saratani ya ubongo, ya damu au ya utumbo angali mdogo. Ni nadra sana. Lakini katika ukoo unaooana ndani kwa ndani na ambao tayari una wagonjwa wa utumbo na kizazi, ni jambo la kumuuliza daktari kabla ya kuandikisha mahari.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kitu ni jeni. Kuna urithi mwingine unaopita mezani. Baada ya ukomo wa hedhi, mafuta ya mwili ndiyo kiwanda kikuu cha homoni ya estrojeni, na estrojeni isiyo na mwenzake wa kuituliza huuchochea utando wa mji wa mimba usiku na mchana. Wanawake wenye unene wa kiwango cha juu kabisa wana uwezekano wa kama mara saba wa kupata saratani hii wakilinganishwa na wenye uzito wa kawaida. Kisukari nacho huongeza. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu wanawake 45 katika kila 100 wa Kenya wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Na sisi tunaomwambia bibi harusi aliyenenepa kwamba amenawiri, na aliyepungua kwamba anaonewa na mumewe, tujue tunachokisifu. Dada watatu wanaokula chungu kimoja, wote wana sukari, wote wazito, wawili wakaugua mji wa mimba wakiwa na miaka sitini na kitu: hapo huenda pasiwe na jeni hata moja yenye kosa. Bado ni historia ya familia, na dada wa tatu bado anahitaji kuisikia.

Kwa upande mwingine, vidonge vya majira vyenye homoni mbili, ambavyo nusu ya mtaa inaviapiza kwamba ndivyo vinavyoleta kansa ya kizazi, hupunguza uwezekano wa saratani hii, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya mtu kuviacha.

Sasa, faili la yule mama. Kwa maoni yangu kosa halikuwa la muuguzi bali la swali. Mtu akiulizwa kama kwao kuna kansa, anajibu kuhusu kansa, na kansa ni neno ambalo kwao halikutamkwa. Aulizwe watu. Dada zako wangapi? Wako wapi? Aliyefariki alifariki na miaka mingapi, na alikuwa akilalamika nini? Kuna aliyetolewa kizazi, na kwa sababu gani? Kuna aliyetoka damu haja kubwa, aliyefungwa mfuko wa choo tumboni, aliyepelekwa India au Nairobi? Haya, na upande wa baba? Dakika kumi. Najua kliniki ya hospitali kuu ya Pwani, ile ambayo wengi bado tunaiita Makadara, haina dakika kumi za kumpa kila mtu. Basi wampe karatasi aende nayo nyumbani akakae na bibi, arudi nayo kliniki ijayo. Bibi hana foleni.

Hata hivyo sitaki kuweka mzigo wote kwenye kumbukumbu za wazee. Uingereza, yenye rekodi za hospitali za miongo na miongo, iliona kwamba kuuliza ukoo peke yake kunawaacha wengi nje, na mwaka 2020 taasisi yao ya miongozo ya tiba ikashauri kila saratani ya mji wa mimba ipimwe dalili za Lynch, awe mgonjwa ametaja jamaa au hakutaja. Kipimo cha kwanza si cha jeni. Ni kuchukua kipande kilekile cha uvimbe kilichotolewa na kukitia rangi maalumu maabara ili kuona kama protini nne za usahihishaji zipo. Ikikosekana mojawapo, ndipo safari ya jeni huanza. Mgonjwa hakatwi mara ya pili.

Nitaambiwa kwamba hii ni anasa, kwamba tuna wagonjwa wanaosubiri tiba ya mionzi na watu wanaobishana na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, kuhusu malipo ya kemo, na mimi naleta rangi za maabara. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau nani anafaidika. Mgonjwa mwenyewe hufaidika, maana katika wanawake wenye Lynch wanaougua saratani zote mbili, ya utumbo na ya uzazi, kama nusu huanza na ya uzazi. Ile ya mji wa mimba huwa ni onyo, na kamera ya utumbo ya kila mwaka mmoja au miwili ingeviona vijinyama vya utumbo na kuving’oa kabla havijageuka. Wapo kaka na dada zake nao, ambao bado hawajagharimu hospitali senti moja. Mwanamke aliyemaliza kuzaa, akajua ana hitilafu, anaweza kuchagua kutolewa mji wa mimba na ovari akiwa na miaka arobaini hivi, mzima. Aspirini ya kila siku, kwa ushauri wa daktari, imeonekana katika majaribio kupunguza saratani ya utumbo kwa watu wa Lynch. Hayo yote ni nafuu kuliko kemo. Kama fedha hazitoshi kwa wote, ningeanza na wagonjwa walio chini ya miaka 60 na wale ambao karatasi ya bibi imeleta mtu wa “tumbo”.

Jambo moja tusijidanganye. Hesabu za Lynch nilizozitaja zimetoka zaidi kwa familia za Ulaya na Marekani. Mwafrika akipimwa jeni, hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa Mzungu kwamba majibu yanarudi na badiliko ambalo hakuna anayejua maana yake, kwa sababu watu wa damu yake hawakupimwa vya kutosha. Jibu la namna hiyo halimfungi mtu wala halimfungui. Ndiyo maana orodha ya maiti wa kwao, yule alikufa na nini akiwa na miaka mingapi, ina thamani kubwa zaidi kwetu kuliko kwa wale walio na vipimo vyote.

Kinachobaki ni nani atawaambia jamaa, na hapa ndipo mambo mengi hukwama. Daktari haruhusiwi kumpigia simu dada wa mgonjwa wake bila idhini ya mgonjwa. Mgonjwa ndiye mwenye habari, naye huenda hajasemezana na dadake tangu nyumba ya urithi ya Mji wa Kale iuzwe. Najua familia ambazo mirathi imezigawa mpaka hawahudhurii arusi za wenzao. Kliniki za nje humpa mgonjwa barua fupi ya kuwagawia ndugu: jamaa yenu amekutwa na ugonjwa huu, huenda ukawa wa kurithi, nendeni mkapimwe, mtaje jina la jeni hii. Barua haina lawama wala kumbukumbu za nyumba. Ingeandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka, ukurasa mmoja, pamoja na jina la hospitali na namba ya sampuli iliyohifadhiwa kwenye nta ili daktari mwingine aweze kuiulizia. Na asiyependa kuandika, aitume kwa sauti ya WhatsApp, kwa ndugu wa Likoni na wa Jeddah sawia, aanze na salamu, aseme ni damu ya namna gani iliyompeleka hospitali, na awatajie mjomba aliugua nini hasa.